Kiraka Kimeletwa, Nani Atakilea?

Mgonjwa anayehudumiwa katika kliniki ya HIV nchini Kenya hupewa namba ya tarakimu kumi. Tano za kwanza ni za kituo alikoandikishwa, tano za mwisho ni zake mwenyewe. Programu ya rekodi inaijua kanuni hiyo na hukataa namba isiyoifuata. Sasa tuseme karani mmoja wa Ndhiwa anaingiza kadi za zamani, na kwenye kadi nyingi namba imeandikwa na kistari katikati. Programu inakataa. Foleni inarefuka, muuguzi amekwisha kuja mara mbili kuuliza kuna nini. Anaitwa kijana anayejua kuandika programu, anafungua msimbo, anaondoa mistari mitatu inayokagua namba, na kufikia jioni kadi zote zimeingia. Kisha, kwa nia njema kabisa, anawatumia walezi wa programu kiraka chake, yaani mabadiliko hayo ya msimbo, ili vituo vingine navyo vifaidike.

Tuseme mlezi huyo ni wewe. Ukikijaribu kiraka kitafanya kazi, na hapo ndipo penye mtego. Miezi michache baadaye mgonjwa yuleyule atahudumiwa na karani mwingine anayeandika namba bila kistari, na programu itamchukua kuwa mtu mpya. Dawa zake zitakuwa kwenye faili moja, kipimo cha kiwango cha virusi kwenye jingine, na ripoti inayokwenda kaunti itahesabu watu wawili. Kiraka kilichohitajika ni kile kinachoondoa kistari kwanza, kisha kuacha ukaguzi uendelee kama ulivyokuwa. Ukivilinganisha viraka hivi viwili jioni ya siku ya kwanza, vyote vinapitisha kadi. Tofauti yake itaonekana wakati kijana yule ameshapata kazi Nairobi na simu yake haipokelewi.

Nimechagua mfano wa kliniki kwa sababu huku kwetu, Homa Bay na Migori, kliniki ndiko programu huria zilikoshika mizizi. OpenMRS, msingi wa mifumo mingi ya rekodi za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka 2004 baada ya Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana kufika Eldoret na kuona jinsi mradi wa AMPATH ulivyokuwa ukizidiwa na wagonjwa. Ilianza kutumika huko mwaka 2006. KenyaEMR, iliyojengwa juu yake kuanzia mwaka 2012 kwa ajili ya Wizara ya Afya, leo inatumika katika mamia ya vituo. Wahudumu wa afya ya jamii nao, waliokabidhiwa simu na serikali kuanzia Septemba 2023, wanatumia mfumo uliojengwa kwa zana huria za shirika la Medic. Utafiti wa kitaifa wa HIV, KENPHIA, wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na HIV na asilimia 13 Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Kosa dogo kwenye msimbo unaoshika namba ya mgonjwa lina watu wengi wa kuwaumiza huku.

Makala haya basi ni kwa mtu anayepokea marekebisho ya wengine. Pengine wewe ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au Tom Mboya uliyeweka kazi yako GitHub, na sasa watu usiowajua wanakuletea mabadiliko. Pengine umeajiriwa na mradi na umeachiwa fomu na ripoti za vituo ishirini. Programu huria ina maana kwamba yeyote anaweza kuisoma, kuibadili na kuigawa. Haina maana kwamba mabadiliko ya yeyote lazima yaingie kwenye nakala inayotumwa Mfangano na Kehancha. Katikati yupo mlezi, na kazi yake kubwa ni kujiuliza kwa kila kiraka: huyu aliyekileta akiondoka kesho, mimi nitaweza kukitunza? Hilo si jambo la kubuni. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi ya HIV nchini, makarani wa data wakiwamo, walirudi nyumbani. Programu zilibaki zikiendeshwa na watu ambao hawakuziandika.

Kwa hiyo usianze kwa kusoma msimbo. Anza kwa kuuliza tatizo. Kijana wa Ndhiwa angeulizwa, kabla ya lolote, aeleze alichokiona: karani alikuwa anafanya nini, programu ilisema nini, ni toleo lipi, namba ilikuwa imeandikwaje. Akishaandika hayo kwa sentensi nne, kosa la kiraka chake linaonekana hata na mtu asiyejua lugha ya Java, kwa kuwa tatizo ni kistari na yeye ameondoa ukaguzi mzima. Ndiyo sababu OpenMRS hudai tikiti kwanza. Hitilafu huandikishwa, hupewa namba, kisha kiraka huja kikiwa na namba hiyo kwenye kichwa chake. Wageni huona huo ni urasimu. Lakini miaka mitano baadaye mtu akikutana na mstari asiouelewa, ataifuata namba hiyo na kukuta mazungumzo yote: nani alilalamika, nini kilipendekezwa, nini kilikataliwa na kwa nini. Mradi wako mdogo hauhitaji mfumo mzito kama wao. Orodha ya hitilafu iliyoko GitHub inatosha, mradi pasiwe na kiraka kinachoingia bila hitilafu iliyoelezwa.

Kundi la WhatsApp halitoshi. Nalisema hili nikijua kwamba ndiko kazi nyingi inakofanyika: picha ya skrini, sauti ya dakika mbili, "imekataa tena", halafu mtu anatuma faili. Litumieni kwa kupigiana kelele, lakini uamuzi wowote unaohusu msimbo unakiliwe mahali ambapo mrithi wako ataukuta. Simu ikipotea Isebania, kumbukumbu za mradi zisipotee nayo.

Andika pia ukurasa mmoja wa mwongozo na uuweke kwenye mradi wenyewe. Mmoja tu, maana wa kurasa kumi hausomwi. Useme jinsi ya kuiwasha programu kwenye kompyuta mpya, jinsi ya kuendesha majaribio, mtu ategemee kujibiwa baada ya muda gani, na vitu ambavyo hamtavipokea hata viandikwe vizuri namna gani. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika, na ndicho kitakachokuokoa siku ya kukataa. Kama wachangiaji wako ni watu wa huku, andika kwa Kiswahili. Majina ya ndani ya msimbo yatabaki kwa Kiingereza kama yalivyo duniani kote, lakini karani wa Oyugis aelewe anachotakiwa kufanya bila kumtafuta mtu wa kumfasiria. Ukiwa hapo, fikiria gharama. Mradi wa Java ukijengwa mara ya kwanza kwenye kompyuta mpya unaweza kushusha mamia ya megabaiti, na bando la mwanafunzi linakwisha kabla hajaandika neno. Majaribio yaendeshwe na seva za GitHub, ambazo kwa miradi ya wazi hazilipiwi, ili mchangiaji asukume kiraka chake na kusubiri majibu.

Kiraka kikifika, jibu upesi, hata kama kukisoma kutachelewa. Ukimya unaua mradi kuliko ukali. Mtu amekaa usiku kucha akirekebisha kitu chako bila malipo. Wiki tatu zikipita bila neno, hatarudi, na atawaambia wenzake. Maneno machache yanatosha: "Asante sana, ndugu. Nimekiona. Wiki hii nina zamu, nitakisoma Jumamosi. Wakati huo niambie kituo chenu kinatumia toleo gani." Hapo hujaahidi kukipokea. Umemwambia kwamba kazi yake imefika kwa mtu.

Dai viraka vidogo, na kila kimoja kiwe na jambo moja. Anayerekebisha namba ya mgonjwa asibadilishe pia rangi ya vitufe na kupanga upya nafasi za mistari katika faili arobaini. Sababu ni ya kikazi kabisa. Mabadiliko ya mistari ishirini utayasoma neno kwa neno; ya mistari elfu mbili utayapitisha macho, utachoka, na utayakubali kwa sababu unaona aibu kuendelea kumsubirisha mtu. Ukiletewa zigo, lirudishe kwa heshima na uonyeshe mahali pa kuligawa. Mara nyingi katika sehemu nne, tatu ni nzuri na zinaingia siku hiyohiyo, na ile ya nne ndiyo inayohitaji mazungumzo.

Sasa kusoma kwenyewe. Mashine ikishasema majaribio yamepita, bado hujajua jambo la maana, kwa sababu majaribio hukagua yale ambayo mtu aliyafikiria. Mlezi anatakiwa kufikiria yale ambayo mchangiaji hakuyaona, na hapa anayeijua Homa Bay ana kitu ambacho mhandisi hodari wa mbali hana. Chukua tarehe ya kuzaliwa. OpenMRS ina sehemu ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Mtu aliyezoea vyeti vya kuzaliwa vya kompyuta anaweza kuleta kiraka kinachoifanya tarehe kamili iwe ya lazima, ili ripoti za umri zinyooke, na hoja yake itasikika vizuri kabisa. Wewe unawajua wazee wa Suba ambao umri wao huhesabiwa kwa mafuriko na kwa njaa ya mwaka fulani. Ukipokea kiraka hicho, karani ataandika tarehe mosi Januari kwa kila mzee, na ripoti itanyooka kwa kusema uongo.

Ama chukua kufuta. Katika OpenMRS rekodi ya mgonjwa haifutwi kwa kawaida. Hubatilishwa, na mfumo huweka jina la aliyebatilisha, wakati na sababu. Kiraka kinachofuta kabisa "ili hifadhidata iwe nyepesi" kitafanya kazi haraka na kwa usafi, na kitafuta ushahidi wa matibabu ya mtu. Kirudishe hata kama kimeandikwa vizuri kuliko chochote ulichowahi kupokea.

Mtandao nao. Zana za Medic ziliundwa zifanye kazi simu ikiwa haina mtandao: data hukaa kwenye simu, kisha hupelekwa kwenye seva mawimbi yakipatikana. Anayeandika kiraka akiwa Nairobi ana mtandao saa zote, na bila kujua anaweza kuongeza hatua ndogo inayouliza seva jambo kabla fomu haijafunguka. Kwake inachukua nukta moja. Kwa mhudumu aliye kisiwani, mama mjamzito akiwa mbele yake, fomu haifunguki. Kwa hiyo katika mwongozo wako weka sharti hili: kila kiraka kinachogusa fomu kijaribiwe simu ikiwa imezimwa mtandao kabisa, na mchangiaji aeleze alichokiona. Kisha wewe mwenyewe ukijaribu kwenye simu ya bei ya chini yenye nafasi iliyobaki kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoko mikononi mwa watu.

Usiondoe mstari usiojua kwa nini upo, na usimruhusu mtu auondoe. Kisa kilichoutikisa ulimwengu wa programu huria ni cha Debian, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alikuwa akikagua OpenSSL, maktaba inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Chombo cha ukaguzi kililalamika kwamba kuna sehemu ya kumbukumbu inayosomwa kabla ya kujazwa. Aliwauliza watengenezaji wa OpenSSL, hakupata kipingamizi cha maana, akaondoa mistari iliyoleta malalamiko. Malalamiko yakaisha. Kumbe mmoja kati ya mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu katika utengenezaji wa funguo. Tangu hapo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, zilibaki funguo 32,768 tu zinazoweza kutokea, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huweza kuijaribu yote. Hilo lilikaa mpaka Mei 2008, Luciano Bello alipoligundua, na seva duniani kote zikalazimika kubadilisha funguo.

Mtu yule hakuwa mzembe. Aliuliza kabla ya kutenda, kitu ambacho wengi wetu hatufanyi. Lakini kiraka chake kilikaa kando, ndani ya Debian peke yake, na hakikupelekwa kwa wenye OpenSSL kama kiraka kamili cha kukaguliwa mstari kwa mstari. Kuuliza "naweza kuondoa huu?" na kuonyesha "hivi ndivyo nilivyouondoa" ni mambo mawili. Mchangiaji akikuuliza swali la jumla, mwambie alete mabadiliko yenyewe uyaone, na usijibu "sawa" kwa kitu ambacho hujakifungua.

Kukataa ndiko kugumu, na kwetu kuna ugumu wa ziada ambao vitabu vya ughaibuni havina habari nao. Kiraka kinaweza kuletwa na mwalimu wako wa chuo, au na daktari wa kliniki ambaye kijiji kizima kinamwamkia, au na afisa wa kaunti anayetia sahihi barua zenu. Wewe una miaka ishirini na mitatu. Wengi hupokea tu, kisha hukitoa kimyakimya wiki inayofuata wakiomba asigundue. Huko ni kumdharau mtu kuliko kumkatalia, na mradi unabaki na historia inayosema uongo. Njia bora ni kuitanguliza kanuni iliyoandikwa, ile ya ukurasa mmoja, iliyokuwapo kabla yake na inayokuhusu hata wewe. Mfuate kwanza faraghani, kwa simu au ana kwa ana, kabla hujaandika neno mbele ya watu. Kisha andika: "Daktari, nimesoma mabadiliko yako yote na tatizo ulilolionyesha ni la kweli. Fomu inarudiarudia maswali na inawachosha wauguzi. Nimeshindwa kuyaingiza jinsi yalivyo kwa sababu yanaondoa tarehe ya kuanza dawa, na ripoti ya wizara inaitegemea. Nimefungua hitilafu kwa ajili ya yale maswali yanayojirudia. Naomba uniambie ni yapi hasa." Tatizo lake limeshikwa na kupewa namba. Msimbo wake ndio uliobaki nje.

Usiseme "tutaangalia" kama umeshaamua hapana. Kiraka kilichosimamishwa mwaka mzima kwa neno hilo kinamuumiza mtu zaidi ya hapana ya siku ya pili. Orodha yako ikijaa viraka vya zamani, kaa siku moja uipitie yote: kinachofaa kiingie, kisichofaa kifungwe kwa sababu iliyoandikwa, na kile ambacho mwenyewe hajibu tena ukimalize mwenyewe au ukifunge ukisema kinaweza kufunguliwa upya.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Data ya mgonjwa wa kweli isiingie kwenye mradi. Huja kwa njia za kawaida kabisa: picha ya skrini iliyoambatishwa kuonyesha hitilafu, faili la majaribio lililonakiliwa kutoka kliniki kwa kuwa "ni mistari kumi tu", nywila ya hifadhidata iliyosahaulika ndani ya faili la mipangilio. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini hata kama sheria isingekuwapo, fikiria kata ambako jina, umri na jina la zahanati vinatosha kumtambulisha mtu kwa kila jirani. Wachangiaji wengi hawajui kwamba Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, huhifadhi historia. Kufuta faili katika kiraka kinachofuata hakuliondoi, maana liko katika kile kilichotangulia na yeyote anaweza kulirudisha. Ukiliona kabla ya kuunganisha, mwambie atengeneze kiraka upya kuanzia mwanzo na mfute kile cha kwanza. Ukiliona baada ya kuunganisha, historia yenyewe lazima iandikwe upya, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, na kituo kijulishwe. Andaeni wagonjwa wa kubuni, wenye majina ya Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kisomali, wenye jina moja na wenye manne, wenye tarehe kamili na za kukadiria. Watafichua hitilafu nyingi kuliko orodha ya majina ya Kizungu inayokuja na programu.

Majina ya wachangiaji, kwa upande wake, yatunzwe. Git, ambayo Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, huweka jina la aliyeandika mabadiliko mbali na la aliyeyaingiza. Usinakili msimbo wa mtu na kuuingiza kwa jina lako kwa kuwa ulisahihisha nusu yake. Mwache yeye awe mwandishi, na sehemu yako iwe kiraka cha pili. Kijana wa Awendo anayetafuta kazi ataonyesha jina lake ndani ya mradi unaotumika, na huo ni ushahidi usiohitaji barua ya mtu. Mganda Daniel Kayiwa, ambaye amekuwa nguzo ya OpenMRS kwa miaka mingi, anajulikana katika ulimwengu huo kwa kazi ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuisoma.

Haki ya kuleta msimbo nayo iulizwe mapema. Mwajiriwa anaweza kuleta alichokiandika saa za kazi, na mwajiri akadai baadaye kuwa ni chake. Watunzaji wa Linux walianza mwaka 2004 kumtaka kila mchangiaji aweke mstari wa saini kuthibitisha kwamba ana haki ya kuuleta msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Ni mstari mmoja tu, na Git inaweza kuuweka yenyewe. Angalia pia ulikotoka msimbo ulionakiliwa. OpenMRS iko chini ya leseni ya Mozilla, zana za Medic ziko chini ya AGPL yenye masharti makali zaidi. Zote ni huria, lakini kipande cha pili hakihamishiwi tu ndani ya cha kwanza kama vile ni mali ya ukoo mmoja.

Je, na mtu mwenye nia mbaya? Wapo, ingawa mradi mdogo wa Migori haupaswi kukosa usingizi. Kisa cha XZ kinafaa kujulikana hata hivyo. Aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia programu hiyo ya kubana faili mwaka 2021, kwa subira na adabu. Mlezi wake, Lasse Collin, alikuwa amechoka na alilisema hilo wazi. Akaunti nyingine zikamshinikiza ashirikishe wengine. Jia Tan akapewa funguo za mradi. Mapema mwaka 2024 matoleo mawili yalitoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake, na Andres Freund aliugundua baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva kulichukua nusu sekunde zaidi. Funzo kwa mlezi liko kwenye uchovu. Ukiona unapokea viraka kwa sababu huna nguvu za kuvisoma, tangaza kwamba mradi umesimama kwa mwezi mmoja. Hakuna atakayekufa kwa kukosa kiraka chenye rangi mpya ya vitufe.

Siku hizi kuna pia viraka vilivyoandikwa na akili bandia na kutumwa na mtu ambaye hakuvisoma. Daniel Stenberg, mwenye programu ya curl, amelalamika hadharani mara nyingi kuhusu ripoti za kasoro za usalama zilizoandikwa kwa namna hiyo, zinazomlia muda. Sioni haja ya kuzipiga marufuku zana zenyewe. Muulize aliyekileta: mstari huu unafanya nini, na ukiondolewa nini kitaharibika? Akijibu kwa maneno yake, endeleeni. Akikuletea aya nne zenye maneno matamu yasiyogusa swali, funga.

Nirudi kwenye viraka vya kando, kwa kuwa ndivyo vingi kuliko vyote huku. Seva ya KenyaEMR mara nyingi hukaa ndani ya kituo chenyewe, kwenye chumba chenye feni. Mtu mwenye nywila hubadilisha ripoti moja hapo, nyingine pale, na kituo kinakuwa na programu isiyofanana na ya kituo kingine chochote. Toleo jipya likija, mabadiliko hayo hufutika au huzuia usakinishaji, na anayelaumiwa ni toleo jipya. Ukiwa msimamizi wa kaunti ndogo, anza kwa kuorodhesha: pita vituoni, linganisha msimbo uliopo na toleo rasmi, andika kila tofauti na jina la anayeijua sababu yake. Kila tofauti ina njia tatu tu. Ipelekwe juu kwa walezi wa programu kama kiraka kamili, au iwekwe kwenye moduli yake ya pembeni, ambayo OpenMRS imeundwa kuikubali bila msimbo mkuu kuguswa, au iondolewe. Ukiipeleka juu, tarajia kuulizwa maswali yaleyale ambayo makala haya yamekuwa yakikufundisha kuwauliza wengine, na usikasirike.

Funguo za kuunganisha viraka ziwe na watu wawili kwa uchache, na wasiwe wa ofisi moja wala wa mfadhili mmoja. Majina yao yaandikwe kwenye ule ukurasa mmoja, pamoja na utaratibu wa kumwongeza wa tatu. Mtu akibadilisha kazi, funguo zake zifungwe wiki hiyohiyo, na viraka vyote vilivyokuwa mikononi mwake vipewe jina jipya kabla hajapanda gari.